Maswali Yenu: Pikipiki ya Kwanza

Barua nyingi zilizotufikia tangu toleo lililopita zinauliza jambo moja, nalo ni kwamba mtu anayejifunza kuendesha, au aliyemaliza mafunzo juzi tu, anunue pikipiki gani. Nimechagua sita ambazo kwa pamoja zinagusa karibu kila kitu ambacho wengine wameuliza. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanaoanza, na nimewaona baadhi yao wakiumia kwa kosa lililofanyika siku ya kununua, kabla hata injini haijawashwa, kwa hiyo wasomaji wataniwia radhi nikijibu kwa urefu pale inapobidi.

Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 23 na nimemaliza mafunzo mwezi uliopita. Moyo wangu uko kwenye pikipiki ya mbio yenye injini ya ujazo wa cc 600. Rafiki zangu wanasema nikianza na cc 125 nitaichoka baada ya mwezi mmoja na nitakuwa nimetupa pesa kwa kununua mara mbili. Mimi ni mtu mwangalifu na sina haraka barabarani. Je, kuna ubaya gani nikianza na hiyo cc 600 na kuiendesha taratibu?

Ndugu yangu, naamini kabisa kwamba wewe ni mwangalifu. Lakini uangalifu unakaa kichwani, na kosa la anayeanza hufanywa na mkono kabla kichwa hakijapata habari. Fikiria unapita juu ya tuta usilolitarajia. Mwili unarushwa nyuma, na mkono wa kulia unang'ang'ania usukani ili usianguke. Kwa kung'ang'ania huko kifundo kinashuka, na kifundo kikishuka mafuta yanavutika. Kwenye pikipiki ya cc 125 injini itanguruma, nawe utasogea kwa kasi kidogo kuliko ulivyotaka, kisha utakumbuka kurudisha mkono. Kwenye pikipiki ya mbio ya cc 600 kosa hilohilo, la muda uleule, linaweza kukutoa katika njia yako kabla hujaelewa kilichotokea. Breki ya mbele nayo ni hivyohivyo, kwa sababu diski zake zimetengenezwa kwa ajili ya kuvuta kwa vidole viwili vinavyojua vinachofanya, ilhali anayeanza, akishtuka, huikamata kwa kiganja kizima.

Pikipiki kama Yamaha R6 ina nguvu za farasi zaidi ya 100 huku uzito wake ukiwa chini ya kilo 200. Gari dogo la familia lenye uzito wa tani moja mara nyingi halifikii farasi hao. Pikipiki za aina hiyo zilizaliwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano, na hilo linaonekana hata katika namna zinavyomkalisha mtu: kifua juu ya tanki, uzito wote kwenye viganja, na shingo iliyokunjwa. Mkao huo unachosha mikono, nayo mikono iliyochoka haiwezi kuwa laini kwenye klachi na mafuta.

Hata hivyo nisingependa uondoke ukidhani kwamba jibu ni namba ya cc peke yake, maana namba hiyo imewapotosha wengi. Royal Enfield Classic ina injini ya cc 349 na nguvu za farasi takriban 20. KTM 390 Duke ya muundo uliokuwa na injini ya cc 373 ilitoa farasi zaidi ya 40. Kwenye karatasi injini hizo mbili zinakaribiana, lakini barabarani ni viumbe wawili tofauti. Kwa sababu hiyo sheria ya leseni ya Umoja wa Ulaya haikuishia kwenye ujazo wa injini. Daraja la kwanza, yaani A1, linaruhusu injini isiyozidi cc 125 na nguvu isiyozidi kilowati 11, ambazo ni kama farasi 15. Daraja la A2 halitazami ujazo kabisa, bali linaweka kikomo cha kilowati 35, ambazo ni kama farasi 47. Hata kama unapoishi hakuna sheria kama hiyo, mpangilio huo ni kipimo kizuri cha kujiwekea mwenyewe. Ukianza na farasi kati ya 10 na 20 utajifunza vizuri sana. Ukiwa na mwili mkubwa, au ukilazimika kupita kwenye barabara kuu kila siku, unaweza kuanza na yenye farasi kati ya 20 na 45, ilimradi nguvu yake iongezeke polepole badala ya kulipuka ghafla injini inapopanda.

Kuhusu kununua mara mbili, kuna utafiti mmoja wa zamani ambao kila ninayemfundisha namsimulia. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, Marekani, walitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki ambazo walizifuata mpaka mahali zilipotokea. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya waendeshaji walioanguka walikuwa wameitumia pikipiki ile kwa muda usiofika miezi mitano, ingawa kwa wastani walikuwa na karibu miaka mitatu ya kuendesha. Maana yake ni kwamba ugeni wa pikipiki yenyewe ni hatari, hata kwa mtu ambaye si mgeni wa barabara. Wewe leo ni mgeni wa vyote viwili, nami nakuomba angalau usiongeze la tatu, ambalo ni nguvu usiyoijua. Pikipiki ndogo iliyotunzwa huuzika upesi, kwa sababu daima yuko mwingine anayeanza anayeitafuta, na unachopoteza katika kuiuza ni kidogo kuliko gharama ya makava ya plastiki ya pikipiki ya mbio iliyolala chini mara moja tu.

Mhariri, mimi ni mwanamke mfupi na mwembamba. Kila pikipiki niliyoikalia miguu yangu inagusa chini kwa ncha za vidole tu. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba nitazoea. Je, ni kweli?

Dada yangu, utazoea baadaye, lakini si hii ya kwanza. Waendeshaji wazoefu husimama kwa mguu mmoja bila shida, kwa kuwa wamejifunza kuchagua mahali pa kusimama na kuinamisha pikipiki kidogo kabla haijasimama kabisa. Anayeanza bado hana hesabu hiyo.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Pikipiki yangu ya kwanza niliichagua kwa sababu tanki lake lilikuwa linang'aa, na sikuwahi kujiuliza kuhusu kimo chake. Siku ya tatu nilisimama mahali palipoinama kidogo upande wa kushoto, nikashusha mguu, nao ukakuta ardhi iko chini zaidi ya nilivyotarajia, kwa kina kisichozidi upana wa vidole viwili. Pikipiki ikaanza kulala polepole. Niliishikilia kwa nguvu zangu zote, na bado ikaenda mpaka chini, ikavunja mkono wa klachi na indiketa, na kifundo changu cha mguu kikabaki kimevimba kwa muda. Hakuna gari lililonigonga na wala sikuwa nakimbia, nilikuwa nimesimama.

Kwa hiyo unapokwenda kuangalia pikipiki, vaa viatu utakavyoendeshea. Kaa kitini, inua stendi, na uhakikishe kwamba nyayo zote mbili zinatua, au angalau sehemu ya mbele ya kila unyayo ikiwa imekaa imara. Kisha isukume nyuma kwa miguu ukiwa umekaa, kama mtu anayetoka kwenye maegesho, kwa sababu hapo ndipo urefu na uzito vinapojitokeza kwa pamoja. Kimo cha kiti hakielezi kila kitu: kiti kipana hufungua mapaja na kula urefu wa miguu, kwa hiyo kiti chembamba cha milimita 790 kinaweza kukufaa kuliko kipana cha milimita 760. Uliza pia kama kuna kiti cha chini zaidi cha pikipiki hiyohiyo, maana baadhi ya watengenezaji wanavyo. Kushusha shokapu ni jambo linalowezekana, lakini lifanywe na fundi anayelielewa, kwa sababu linabadilisha namna pikipiki inavyokata kona, na stendi isipofupishwa pamoja nazo pikipiki itasimama wima mno na kuanguka kwa upepo.

Je, nianze na pikipiki ya gia au skuta isiyo na gia?

Kama shabaha yako ni kufika kazini na kurudi, skuta ni chaguo la heshima kabisa na hakuna sababu ya kuona haya. Kama unakusudia kuendesha pikipiki za gia siku za mbele, anza na gia, kwa sababu klachi ndiyo inayofundisha mwendo wa polepole, na mwendo wa polepole ndio mgumu kuliko wote. Ipo njia ya kati: pikipiki za mtindo wa Honda Super Cub, iliyotoka mwaka 1958 na kufikia jumla ya milioni 100 zilizotengenezwa mwaka 2017, zina gia za kubadilisha kwa mguu lakini klachi inajiendesha yenyewe. Ni nyepesi na zinasamehe makosa. Kabla ya kuamua, angalia sheria ya leseni yako, kwani baadhi ya nchi humzuia aliyefanya mtihani kwa skuta asiendeshe pikipiki yenye klachi.

Nimepata pikipiki iliyotumika ya cc 150 ambayo muuzaji anasema haina tatizo lolote. Mimi si fundi. Nitajuaje kama anasema kweli?

Kwa maoni yangu iliyotumika ndiyo inayofaa zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa ni karibu hakika kwamba utaiangusha mara moja au mbili, na mkwaruzo kwenye pikipiki yenye mikwaruzo hauumizi moyo. Lakini ikaguliwe mchana, pakiwa pakavu, na ikiwezekana ufuatane na mtu anayezijua.

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya mazungumzo mengine, sogeza kiganja karibu na injini bila kuigusa kwanza, halafu iguse. Ikiwa ya moto, kuna jambo lililofanyika asubuhi hiyo, na mara nyingi ni kwamba pikipiki hiyo inasumbua kuwaka ikiwa baridi. Ikiwa baridi, mwambie aiwashe huku wewe umesimama nyuma ukitazama ekzosi. Mvuke mweupe unaokwisha baada ya muda mfupi si neno. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake injini inakula oili, na hapo shukuru uondoke. Sikiliza pia injini ikiwa imeachwa ingurume yenyewe: mlio uwe wa mapigo yanayolingana, bila kugonga kama nyundo ndogo ndani ya kopo.

Zima, kisha pitisha kidole kwenye mabomba yanayong'aa ya shokapu za mbele, baada ya kushika breki ya mbele na kuukandamiza usukani chini mara tatu au nne. Kidole kikitoka na oili, sili zimechakaa. Inua gurudumu la mbele kwa stendi kubwa na uzungushe usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi kama unakwama kidogo katikati, kama kitu kimeingia kwenye kishimo, beringi za usukani zimekufa. Nenda nyuma, shika cheni pale ilipojizungusha kwenye sproketi kubwa, yaani gurudumu la meno la nyuma, uivute kuelekea kwako. Cheni nzima haiachani na meno. Ikiinuka ukaona mwanga katikati, au meno yakiwa yamelala upande mmoja na kuchongoka, utabadilisha cheni na sproketi zote mbili, na gharama hiyo iingie kwenye mapatano.

Tairi zina habari ambayo wauzaji wengi hawaifikirii. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zilizofungwa ndani ya umbo la yai: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri, yaani mifereji yake ya juu ikiwa bado na kina, na bado ikawa ngumu kwa uzee, nayo tairi ngumu huteleza kwenye maji.

Alama za kuanguka usizitafute kwenye tanki, kwa kuwa tanki hupakwa rangi. Zitafute kwenye ncha za usukani, ncha za mikono ya breki na klachi, na ncha za vikanyagio, ambako chuma huchubuka na hakuna anayekumbuka kukirekebisha. Pikipiki ikiwa imechubuka kidogo upande mmoja, ilianguka ikiwa imesimama. Ikichubuka kwa mistari mirefu, iliburuzwa, na hapo simama nyuma yake hatua chache na utazame kama magurudumu mawili yamenyooka katika mstari mmoja. Mwisho, soma namba iliyogongwa kwenye fremu, tarakimu kwa tarakimu, ukilinganisha na kadi ya usajili. Hitilafu ya tarakimu moja inatosha kukuondoa hapo, hata kama bei ni nzuri kiasi gani. Na hasa kama bei ni nzuri mno.

Mhariri, nimeambiwa ninunue pikipiki yenye ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge kwa breki, hata ikiwa ghali zaidi. Je, kwa mtu mwenye pikipiki ndogo kuna haja?

Ipo haja, na pengine anayeanza anaihitaji kuliko mzoefu. Ripoti ya Hurt niliyoitaja hapo juu ilieleza kwamba wengi, walipokutana na hatari, walikanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu likajifunga na kuburuzika, huku ile ya mbele wakiitumia kidogo mno. Ni kinyume cha inavyotakiwa, kwa sababu pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalobeba kazi kubwa ya kusimamisha. Watu huiogopa breki ya mbele kwa kuwa gurudumu hilo likijifunga mwendeshaji huanguka papo hapo. ABS hupima mzunguko wa gurudumu na kulegeza breki mara nyingi kwa sekunde pale linapotaka kujifunga, hivyo mtu anaweza kuivuta bila kuiogopa.

BMW iliiweka kwenye pikipiki yake ya K100 mwaka 1988, na katika Umoja wa Ulaya kila pikipiki mpya inayozidi cc 125 lazima iwe nayo tangu mwaka 2017. Zile zisizozidi hapo zinaruhusiwa kutumia mfumo unaounganisha breki ya mbele na ya nyuma. Kwenye changarawe na vumbi ABS inaweza kurefusha kidogo umbali wa kusimama, kwa hiyo isikufanye ukimbie. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne, na hakuna kifaa kinachobadilisha hesabu hiyo. Ikiwa uwezo wako hauruhusu ABS, nunua isiyo nayo bila huzuni, kisha utafute uwanja mtupu na ufanye mazoezi ya kuvuta breki ya mbele kwa kuikaza hatua kwa hatua, mara 20 kila wiki, mpaka kidole kijue chenyewe.

Mwanangu amenunua pikipiki yake ya kwanza na pesa zote zimekwisha. Anasema kofia ataazima kwa sasa na atanunua yake baadaye. Mimi mama yake sina amani. Je, ninamsumbua bure?

Mama, humsumbui bure hata kidogo, na ningependa aisome sehemu hii yeye mwenyewe. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi wa Uingereza, alianguka kwa pikipiki bila kofia, akafariki siku sita baadaye kwa majeraha ya kichwa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Alianza kuchunguza vifo vya waendeshaji pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti wake juu ya kofia ngumu. Baadaye watafiti wengi walifuata njia hiyo, na mapitio ya tafiti 61 yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kofia ya kuazima ina kasoro mbili. Hujui kama imewahi kuanguka, na povu lake la ndani likishabonyea kwa pigo moja halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Tena imeumbika kwa kichwa cha mwingine. Mwanao akikuuliza ya kwake aipimeje, mwambie aivae, afunge mkanda, kisha ashike sehemu ya kidevu na kuitikisa kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu na ya paji la uso isogee pamoja na kofia. Ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa. Halafu aishike nyuma chini na kujaribu kuivua kwa kuiviringisha kuelekea mbele mkanda ukiwa umefungwa, isitoke. Akae nayo dukani kwa dakika 15, na akiivua aangalie paji la uso kwenye kioo: alama nyepesi iliyoenea ni sawa, lakini doa jekundu sehemu moja linamaanisha kwamba umbo hilo si lake, ajaribu nyingine.

Hadi atakapoipata, mwombe ufunguo wa pikipiki ukae kwako.